Kuhariri Hati ya Kitaalamu: Kalamu Nyekundu na Mipaka Yake

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya istilahi, niliwekewa mezani kijikaratasi cha ukurasa mmoja kilicholetwa na ofisi moja inayoshughulika na kilimo. Kilikuwa na maelezo kwa wakulima wa mboga juu ya matumizi salama ya dawa ya kuua wadudu, na kilihitaji kusafishwa lugha kabla ya kupigwa chapa. Katikati ya ukurasa palikuwa na sentensi hii: "Mtu yeyote asiingie shambani kabla ya masaa 12 kupita tangu dawa ilipopuliziwa."

Nilichukua kalamu nyekundu, nikaanza. Neno masaa nililikata, kwa kuwa saa ni nomino ya ngeli ya I-/ZI- na umbo lake halibadiliki katika wingi. Hilo tulifundishwa tangu shule ya msingi. Neno dawa nikaliondoa na mahali pake nikaandika kiuatilifu, ambayo ndiyo istilahi ya wataalamu. Kisha nikaona sentensi imerefuka pasipo haja, nikaipanga upya: "Baada ya kupulizia kiuatilifu, mtu yeyote asiingie shambani kabla ya saa 12." Nikaisoma mara mbili. Ilikuwa fupi, ilikuwa sanifu, nami nikaridhika.

Bahati njema, kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa kijikaratasi hicho kilirudishwa kwa afisa ugani aliyekiandika, mtu mzima aliyekuwa karibu kustaafu. Alikuja mwenyewe ofisini, akaketi, akaweka kidole juu ya sentensi yangu. "Ndugu mhariri," aliuliza kwa upole, "ni saa 12 asubuhi au saa 12 jioni?" Sikumwelewa. Ndipo aliponieleza kwamba mkulima anayepulizia mboga zake saa 10 alasiri, jua likiwa limeanza kupoa, akiisoma sentensi ile atajua kwamba ikifika saa 12 jioni yu huru kuingia shambani na kuchuma mchicha. Muda wa saa 12 uliowekwa na wataalamu ili sumu ikauke na kutulia ulikuwa umegeuka kuwa muda wa saa 2.

Nimeanza na kosa langu mwenyewe kwa sababu linaonyesha jambo ambalo makala haya yanakusudia kulieleza. Kila sahihisho nililolifanya, likichukuliwa peke yake, lingeweza kutetewa kwa kanuni ya sarufi, ya istilahi au ya mtindo. Yalipokusanyika pamoja yaliharibu onyo. Mhariri wa hati ya kitaalamu anaweza basi kukosea huku kila anachokiandika kikiwa Kiswahili sanifu, na kosa la namna hiyo ni gumu kuliona kuliko kosa la tahajia, kwa maana halimkwaruzi msomaji machoni.

Hapana budi tuelewane kwanza ni hati gani tunayoizungumzia. Hadithi au insha husomwa ili imfurahishe au imfikirishe msomaji. Akielewa nusu, hasara ni yake na si kubwa. Hati ya kitaalamu husomwa ili mtu atende. Atalipa au hatalipa, atameza dawa, atasaini, atapulizia, atakata rufaa, atamwachisha mtu kazi. Humo mna fomu ya maombi, waraka wa utumishi, mkataba wa upangaji, mwongozo wa mashine, maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa, kanuni ndogo za halmashauri, na sheria yenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza la mhariri lisiwe kama sentensi ni nzuri. Ajiulize: ni nani atakayetenda kwa maneno haya, na atatenda nini?

Swali hilo limekuwa na uzito zaidi katika miaka ya karibuni. Mwaka 2021 Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania lilibadili Sheria ya Tafsiri za Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Tangu hapo kazi ya kutafsiri na kuhariri maandishi ya kisheria, ambayo zamani ilikuwa ya watu wachache, imewafikia watu wengi ambao hawakuwahi kuandaliwa kwa ajili yake. Mwalimu mwenye Kiswahili kizuri huombwa "apitie kidogo" rasimu ya kanuni. Karani hupewa fomu aisawazishe. Wao hufanya walichozoea kukifanya, yaani husahihisha kama wanavyosahihisha insha za wanafunzi.

Hapo ndipo linapoanza tatizo la kwanza. Katika insha tunamfundisha mwanafunzi asirudie neno lilelile kila mara, na akirudia tunampunguzia alama. Tabia hiyo ikiingizwa katika hati ya kitaalamu huzaa hatari. Nimewahi kuona rasimu ambamo mtu mmoja aliitwa mtuhumiwa katika aya ya kwanza, mshtakiwa katika aya ya pili, na mhalifu katika aya ya tatu, kwa sababu tu mhariri aliona karaha kurudia. Lakini mtuhumiwa ni mtu anayedhaniwa kuwa ametenda kosa. Mshtakiwa ni yule aliyekwisha kufunguliwa mashtaka. Mhalifu ni aliyetenda uhalifu hasa. Kwa kutafuta uzuri wa lugha, mhariri yule alimtia mtu hatiani katika aya tatu, bila hakimu. Ndivyo ilivyo pia kwa mdaiwa. Mahakamani mdaiwa ni mtu ambaye mwenzake amemfungulia dai. Huenda hana deni hata la senti moja. Anayebadilisha "mdaiwa" kuwa "mwenye deni" ili sentensi ieleweke kwa wepesi ametoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Hivyo kabla ya kugusa sentensi yafaa mhariri apitie hati nzima kwa ajili ya istilahi peke yake. Achukue karatasi pembeni, aandike kila neno lililobeba dhana ya kitaalamu, na mbele yake aandike maneno mengine yote yaliyotumika kwa dhana hiyohiyo. Ataona, kwa mfano, kwamba "malipo", "ada", "tozo" na "mchango" yametumika kwa fedha ileile katika kurasa 4. Hapo asichague kwa ladha yake. Amuulize mwenye hati ni fedha gani hasa inayokusudiwa, kwa kuwa ada na tozo si kitu kimoja kwa mhasibu wala kwa mkaguzi. Likipatikana jibu, neno moja lishike dhana moja tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama sikio litachoka. Pia afanye kazi hiyo kinyume chake, yaani atazame kama neno moja halikubebeshwa dhana mbili. Dhamana ni mfano mzuri: ni mali iliyowekwa kwa ajili ya mkopo, ni ruhusa ya mshtakiwa kuwa nje ya mahabusu, na ni wajibu aliokabidhiwa kiongozi. Hati inayosema "dhamana ya mkurugenzi itafutwa" inaweza kumshtua mkurugenzi kwa namna tatu tofauti.

Kuhusu chaguo kati ya istilahi ya wataalamu na neno la mtaani, sisi tulio katika kazi hii hatuna budi kukiri kwamba mara nyingi tumekuwa wepesi kulipenda lile la kwetu. Kiuatilifu ni istilahi njema, imejengwa vizuri, na ina sababu: dawa huponya, na si vyema sumu ya wadudu iitwe kwa jina la kitu anachopewa mtoto mwenye homa. Lakini mkulima dukani haombi kiuatilifu, anaomba dawa. Kijikaratasi kinachomwambia akifungie kiuatilifu mahali pasipofikiwa na watoto huenda asijue kwamba kinaizungumzia ile chupa iliyo juu ya kabati. Njia iliyotusaidia ni kuandika mara ya kwanza "kiuatilifu, yaani dawa ya kuua wadudu", kisha kuendelea na kiuatilifu. Msomaji hujifunza istilahi na wakati huohuo hakosi onyo. Hati ikivuka mpaka, jambo hili huhitaji uangalifu zaidi. Chombo kinachoitwa kompyuta katika ofisi nyingi za Tanzania huitwa tarakilishi katika vitabu vya Kenya, na hakuna faida yoyote kwa mhariri kumsahihisha jirani yake katika jambo ambalo kila upande unalielewa kwao.

Mtu anayebadili istilahi katika Kiswahili habadili neno moja tu. Lugha yetu hufunga sentensi nzima kwa upatanisho wa kisarufi, na ukiondoa nomino ya ngeli moja ukaweka ya ngeli nyingine, viambishi vyote vinavyoifuata vinabaki yatima. Katika rasimu moja iliamuliwa kwamba fidia idaiwe na kaya badala ya mkulima mmoja mmoja. "Mkulima atakayepata hasara atawasilisha dai lake" ikapaswa kuwa "Kaya itakayopata hasara itawasilisha dai lake", na kadhalika katika kurasa zote. Aliyepewa kazi hiyo aliiamuru kompyuta ibadilishe neno mkulima kwa mkupuo, nayo ikatii. Tukapata "kaya atakayepata" kila mahali, na kwenye aya za mbali kidogo, ambako nomino haikutajwa tena, "atakapochelewa" ikawa haina mwenyewe. Mwingine aliagiza mtu iwe mtumishi, na kila palipokuwa na mtumishi tangu awali pakazaliwa kiumbe kipya: mtumishimishi. Tulicheka, lakini rasimu ile ilikuwa imebakiza siku moja tu kabla ya kusainiwa.

Nirudi kwenye saa, kwa sababu hapo hoja ni pana kuliko kosa langu. Katika Kiswahili neno saa hutaja muda na pia hutaja nukta ya wakati. "Saa 8" ni muda, na tena ni wakati wa baada ya adhuhuri au usiku wa manane. Chukua maelezo ya dawa ya hospitali yasemayo "Meza kidonge kimoja kila baada ya saa 8." Mfamasia amekusudia vidonge 3 kwa siku. Mgonjwa anaweza kuelewa kwamba kila siku, ikipita saa 8 mchana, ameze kidonge kimoja. Naye hajakosea lugha, sentensi inaruhusu. Ndiyo sababu, nadhani, watu wengi husema masaa kwa muda na saa kwa wakati. Wametafuta tofauti ambayo umbo la neno halikuwapa. Sisemi kwamba tuiache kanuni. Katika maandishi rasmi ningali naandika saa. Ninachosema ni kwamba anayefuta masaa ameondoa alama iliyokuwa ikifanya kazi, na ni wajibu wake kuweka nyingine mahali pake. Upatanisho waweza kusaidia: "zikipita saa 8" haiwezi kuwa na maana ya wakati wa mchana. Neno muda husaidia pia. Na palipo na maisha ya mtu ni bora kutaja nyakati zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Tarehe nazo zina mitego yake. "Maombi yawasilishwe kabla ya tarehe 30 Juni" inamaanisha kwamba tarehe 30 yenyewe imekwisha kuchelewa, ingawa mwandishi mara nyingi hakukusudia hivyo. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania humalizika siku hiyo, na siku moja ya namna hiyo huweza kumaanisha mwaka mzima wa kungoja malipo. Mhariri auache mkono, amuulize mwandishi kama siku yenyewe imo au haimo, kisha aandike wazi: "si baada ya tarehe 30 Juni". Vivyo hivyo kwa "siku 14": je, ni siku za kazi au siku zote, na zinahesabiwa tangu barua ilipoandikwa au ilipopokelewa? Na wale wanaoandikia watu wa pwani wakumbuke kwamba kwa mapokeo ya huko siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa kwa mzee wa pwani ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na kwa karani wa ofisini ni ule unaoufuata. Magazeti yetu yameliondoa tatizo hili zamani kwa kuandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", na sioni kwa nini nyaraka za ofisi zisifanye hivyo.

Baada ya istilahi na hesabu ndipo mhariri aingie katika muundo wa sentensi, na hapa mitego ni ya Kiswahili chenyewe, haikuletwa na tafsiri. Tazama: "Msaidizi wa mkurugenzi aliyesimamishwa kazi atakabidhi ofisi." Nani aliyesimamishwa? Nomino zote mbili ni za ngeli moja, na kirejeshi hakitusaidii. Ingekuwa "gari la mkurugenzi lililosimamishwa" tusingepata taabu, kwani upatanisho ungetuelekeza. Au tazama: "Fomu isainiwe na mwombaji na mdhamini au mwajiri." Na ya kwanza inaonyesha mtendaji, na ya pili inaunganisha; kisha ikaja au, na hatujui tena kama mwajiri anachukua nafasi ya mdhamini peke yake au ya wote wawili. Mwombaji asiye na mdhamini atakayekuja na saini ya mwajiri tu atakubaliwa kwenye dirisha moja na kurudishwa kwenye dirisha la pili. Dawa yake ni kuivunja sentensi: "Fomu itasainiwa na mwombaji. Pia itasainiwa na mmoja kati ya hawa wawili: mdhamini au mwajiri." Lakini angalia, nimeivunja kwa maana moja kati ya mbili. Kama maana hiyo siyo iliyokusudiwa, nimetunga sheria mpya.

Kuna maneno madogo yanayoonekana hayana hatia. "Taarifa itolewe mara moja" ni papo hapo, au ni isirudiwe mara ya pili? Kiambishi -ki- katika "mtumishi akistaafu" hutaja jambo litakalokuja bila shaka, lakini katika "mtumishi akiiba" hutaja jambo ambalo twaomba lisitokee. Panapohitajika kutofautisha sharti na wakati, tuna maneno ya iwapo na wakati, tuyatumie. Na ile kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji, ipendwayo sana katika nyaraka zetu, "hatua zichukuliwe", "taarifa ipelekwe", huficha swali ambalo kila mkuu wa idara atafurahi lisiulizwe: zichukuliwe na nani?

Pahali pazito kuliko pote ni panapotofautishwa sharti na hiari. Ile Sheria ya Tafsiri za Sheria niliyoitaja, katika kifungu cha 53, inapambanua neno linalompa mtu uwezo wa kutenda au kutotenda kwa hiari yake na neno linalomlazimisha. Sheria zetu nyingi zilitungwa kwa Kiingereza, na maneno mawili mafupi yalitosha kubeba tofauti hiyo. Katika Kiswahili tuna njia nyingi: atalipa, alipe, atapaswa kulipa, atatakiwa kulipa, sharti alipe, anaweza kulipa, ataruhusiwa kulipa. Mhariri anayependa wepesi huweza kugeuza "atapaswa kuwasilisha" kuwa "awasilishe", akidhani amefupisha tu. Lakini umbo la alipe huweza kuwa amri, ushauri au hata dua, na mwenye kutafuta mwanya atachagua ushauri. Wizara ikiandika "itagawa mbegu", mkulima husikia ahadi, na wakili huweza kusema ni habari tu ya mambo yajayo.

Historia ya bara letu ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mnamo tarehe 2 Mei 1889 Mfalme Menelik II wa Ethiopia na Italia walitiliana saini Mkataba wa Wuchale, ulioandikwa kwa Kiamhari na kwa Kiitaliano. Kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilisema kwamba Menelik aweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Kwa Kiitaliano kifungu hichohicho kilimfanya alazimike kuitumia, na kwa msingi huo Italia ikatangaza kwamba Ethiopia imo chini ya ulinzi wake. Menelik aliukana mkataba mwaka 1893. Vita vikafuata, na tarehe 1 Machi 1896 majeshi ya Italia yakashindwa huko Adwa. Wanahistoria wanajadili kama tofauti ile ilikuwa kosa au hila. Kwa mhariri yatosha kujua kwamba tofauti ya "aweza" na "yampasa" iliweza kupita mbele ya macho ya wakubwa wote waliohusika hadi saini zikawekwa.

Basi mhariri abadili nini, na aache nini? Makosa ya tahajia, upatanisho uliovunjika, nukta na mikato isiyo mahali pake, tarehe zilizoandikwa kwa mitindo mitatu, hayo ayasahihishe bila kuomba ruhusa. Kila kinachogusa nani, nini, lini, kiasi gani na kwa sharti gani, asikisahihishe. Akiandikie swali pembezoni. Swali lenyewe liwe la wazi na lioneshe njia zote mbili: "Je, mwajiri anachukua nafasi ya mdhamini tu, au ya mwombaji na mdhamini?" Swali la namna ya "Sentensi hii haieleweki" humkasirisha mwandishi na halimsaidii. Majibu yaandikwe na kuwekwa katika jalada pamoja na rasimu ya awali, ili baada ya miaka 2, mtu atakapouliza kwa nini neno fulani lilichaguliwa, asitegemee kumbukumbu ya mtumishi aliyekwisha hamishwa.

Wengine husema utaratibu huu ni mrefu mno kwa ofisi yenye haraka. Siwezi kukana. Lakini uzoefu wangu ni kwamba maswali ya kweli katika hati ya kurasa 10 huwa machache, na kwa kawaida hujibiwa kwa simu moja. Kinachochukua muda ni mabishano ya mtindo, ambayo mhariri mwenyewe angeweza kuyaepuka kwa kuuacha mtindo wa mwandishi jinsi ulivyo pale usipomdhuru mtu. Nawajua wahariri wasioweza kurudisha ukurasa usiokuwa na wino mwekundu, kana kwamba ukurasa safi ni ushahidi wa uvivu.

Siku hizi rasimu nyingi hutoka katika mashine za kutafsiri, nazo zina tabia ya kumlaza mhariri usingizi. Zamani tafsiri mbaya ilijitangaza kwa sentensi zilizopinda. Sasa twaletewa sentensi laini, zenye upatanisho sahihi, ambamo "asizidi" imekuwa "azidi" au jina la kiungo cha mwili limebadilishwa kwa la kiungo cha jirani. Kwa hati kama hizo nashauri mhariri asianze na Kiswahili. Aisome asili kwanza, aandike pembeni tarakimu zote, makanusho yote na masharti yote, kisha ayatafute moja moja katika tafsiri.

Na mwisho wa yote hati isomwe kwa sauti mbele ya mtu mmoja wa wale watakaoitumia, asiyekuwa mtaalamu wala mwanalugha. Asiulizwe kama ameelewa, maana kwa heshima atajibu ndiyo. Aulizwe atafanya nini.

Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa kile kijikaratasi cha wakulima. Mimi na afisa ugani tulijaribu kwanza "zipite saa 12 kamili ndipo mtu aingie shambani". Kisarufi ilitosha, na maana ilikuwa moja. Tukamsomea mama mmoja mwenye bustani ya mboga, aliyekuwa amekuja ofisini kwa shughuli zake. Tukamuuliza: ukipulizia saa 10 alasiri, utaingia lini? Alihesabu kwa vidole, akanyamaza, kisha akasema kwamba hesabu inamwangukia saa 10 alfajiri, na saa hiyo hakuna mtu aingiaye shambani. Si mngeandika tu kesho yake? Nilimtazama afisa ugani, kwa kuwa uamuzi huo haukuwa wangu. Alifikiri kidogo, akasema kwamba muda ukizidi hauna madhara, ukipungua ndio wenye madhara. Akachukua kalamu yangu akaandika mwenyewe: "Siku ya kupulizia, ukishamaliza, mtu yeyote asiingie tena shambani. Aingie kesho yake, saa 1 asubuhi au baadaye." Mimi nilibakiwa na kazi ya kutazama kama nukta zimekaa mahali pake.